Kanda ya Kuomba Radhi

Pale dobi tulimwita Bi Wanga, na kila mfanyakazi mpya aliyesikia jina hilo alimkwepa mpaka saa ya chai, akidhani tunamtahadharisha na mchawi. Ukweli ni kwamba jina lilitokana na wanga wa kutia kwenye nguo. Kola ikipita mikononi mwake ilisimama mpaka jioni, na wateja wenye harusi au usaili wa kazi walikuwa wakisema pale kaunta, shati langu mpeni yule mama wa wanga. Mwenyewe hakulipinga jina. Alisema afadhali aogopwe kidogo, atapata nafasi ya kupumua.

Nilipiga pasi meza iliyopakana na yake kwa miaka kumi na mmoja. Ninayoyasimulia hapa mengine niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe, macho yake kwenye nguo na yangu kwenye nguo. Mle ndani, katikati ya mvuke na ngurumo za mashine, mtu aliweza kusema jambo zito bila kutazamwa usoni.

Ndugu yake alikuwa mmoja tu, kaka yake. Wazazi wao walifariki yeye akiwa na miaka tisa na kaka kumi na saba. Kaka akaacha shule, akaenda kwa fundi mmoja kujifunza kuchora mabango, akamlea mdogo wake kwa kazi hiyo. Alimfulia sare, alihudhuria vikao vya wazazi shuleni akiwa na rangi kwenye nywele, na Jumapili jioni alimsuka. Bi Wanga alikuwa akicheka sana akikumbuka hilo. Mtu aliyevuta mstari ukutani bila rula, ukanyooka kama uzi, alimsuka mistari iliyopinda kuliko ya watoto wote darasani. Baadaye Bi Wanga aliolewa, ndoa ikamshinda mwaka wa nne, na siku aliyotoka na sanduku lake kaka ndiye aliyempokea kituo cha basi. Hakumuuliza kitu. Alimbebea sanduku tu.

Mwenye dobi alipotaka bango jipya juu ya mlango, ni Bi Wanga aliyempeleka kaka yake. Ngazi ilikuwa ya dobi. Aliyeitoa stoo pia ni Bi Wanga.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, mashine zote zimewashwa. Mimi nilikuwa nakunja shuka na mwenzangu, yeye ameshika pembe mbili na mimi mbili. Tulisikia kopo la rangi kwanza, ndipo tukasikia kishindo cha kaka mwenyewe. Tulipotoka nje alikuwa amelala chali kwenye saruji, macho wazi, anauliza kama kuna mtu aliyerukiwa na rangi. Pale juu palikuwa na herufi tatu tu. Bango lile lilikuja kumaliziwa na mtu mwingine, na mpaka leo ukilitazama vizuri unaona mkono mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi.

Alilazwa miezi mitano. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia, na kuanzia kiunoni kwenda chini hapakuwa na habari tena. Daktari alipomaliza kueleza, Bi Wanga alirudi kazini siku ile ile, akapiga pasi mashati arobaini. Baada ya hapo akamchukua kaka yake akaishi naye. Alikuwa amepanga vyumba viwili. Kile cha mbele akampa kaka, kitanda akakisogeza dirishani, pazia akalikata nusu ili mgonjwa aone barabara hata akiwa amelala. Mchana jirani wa mlango wa pili alikuwa akiingia kumgeuza na kumpa maji.

Kilichobaki ni redio kaseti ya zamani. Pale mtaani ilishika kituo kimoja tu bila kukwaruza, na kituo chenyewe kilikuwa na nyimbo zake chache zinazozunguka kutwa. Kaka alianza kuzihesabu. Bi Wanga akirudi jioni anaambiwa, leo ule wa machozi umepigwa mara sita, anayeimba bado analia ila mimi nimeshakauka. Walikuwa wakicheka. Halafu siku moja kaka hakutania. Alimwomba aizime, akauliza kama kweli nchi nzima imekosa watu wengine wanaoimba.

Jibu lilitoka kwenye mfuko wa koti. Pale dobi, kitu kikikutwa mfukoni huwekwa kwenye boksi kikiwa na namba ya nguo, mwenyewe akija anakabidhiwa. Bi Wanga alikuta kanda kwenye koti la kijivu, haina chapa wala picha, ina tarehe tu kwa kalamu ya risasi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi hakuiweka kwenye boksi. Alikwenda nayo nyumbani, na asubuhi alikuja kwenye meza yangu kunieleza kwa sauti ya chini kama mtu aliyevunja benki. Walikuwa wameisikiliza mara tatu. Ilikuwa sauti ya mwanamume na gitaa, na kwa mbali kulikuwa na mlio wa kitanda cha chuma kila alipojigeuza. Kaka alimuuliza maswali tangu walipokula mpaka alipokwenda kulala. Ni nani huyu, anaimba akiwa amekaa au amesimama, mbona anavuta pumzi kabla ya neno lile na si kabla ya yale mengine.

Mwenye koti alipokuja Ijumaa, Bi Wanga alimrudishia kanda mkononi, akakiri, kisha akamuuliza yale maswali. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Kwanza aliona aibu, baadaye akaegemea kaunta akasahau muda. Alisema alirekodi chumbani kwake Jumamosi, godoro ameliegemeza mlangoni na blanketi amelining'iniza dirishani, akiwa amekaa kitandani kwa sababu kiti hakikuwa na nafasi. Kampuni mbili zilikuwa zimemwambia sauti yake haiuziki. Akaona sawa, basi haitauzwa. Alinakili kanda moja moja na kuwapa watu aliowaamini. Akamweleza Bi Wanga kwamba wako wengi wa namna hiyo, wanamuziki wa kujitegemea wasio na kampuni wala meneja, wanaofanya kazi zao mchana na kurekodi majumbani, na kwamba ukitaka kuwasikia ni lazima uende mlangoni kwao.

Ndivyo alivyoanza. Alipata redio kaseti nyingine, ya mtumba, yenye kitufe cha kurekodi, na siku zake za mapumziko zikaisha kwenye nyumba za watu. Mara ya kwanza alikwenda kwa mafundi ujenzi watatu walioimba pamoja, akaketi, akawasha, akakosa la kusema. Akawauliza kwa mazoea ya kaunta yale tunayomuuliza mteja aliyeleta nguo yenye doa: ni la nini hili, limeanza lini, umeshajaribu kulitoa mwenyewe? Mafundi walicheka mpaka mmoja akakohoa, kisha wakaanza kujibu. Wimbo waliokuwa nao ulihusu mwenzao aliyefukiwa na ukuta. Ulikuwa na miaka sita, na walikuwa wamejaribu kuuacha, haukuachika. Tangu siku hiyo maswali yake yalikuwa hayo matatu. Sikuwahi kusikia mtu aliyekataa kuyajibu.

Nyumbani walikuwa wakikaa wawili, redio kaseti mbili zikitazamana, wanapanga. Kaka ndiye aliyetoa wazo kwamba kila kanda iwe na jambo moja. Kulikuwa na Nyimbo za Kungoja, Nyimbo za Kazi ya Mikono, Nyimbo za Nyumba Tulizohama. Katikati ya wimbo na wimbo waliacha mazungumzo, pamoja na vikombe vinavyogongana na mtoto anayeitwa nje, kwa sababu kaka alisema bila hayo hajui amekaa chumba gani. Yeye aliandika majalada. Alilala chali, ubao wa kukatia mboga kifuani, brashi nyembamba mkononi, akitumia nusu siku kwa maneno matatu. Mtu aliyekuwa akichora herufi zinazosomeka ng'ambo ya barabara sasa alizichora za kutosha kwenye kiganja. Jirani aliniambia kwamba tangu aanze kuandika yale majalada aliacha kuuliza saa.

Sisi dobi tulizisikiliza wakati wa kazi. Dereva wa gari la mashuka alinakili mbili akaenda nazo safari, akarudi na kanda ambayo mwanamke mmoja mshona viatu alimpa awaletee hao watu wanaokusanya. Hatukujua tumekuwa "hao watu" lini.

Mada zote zilichaguliwa na kaka, isipokuwa moja. Mwaka wa pili, jioni moja, Bi Wanga alimwambia kwamba safari hii anayo ya kwake: Nyimbo za Kuomba Radhi. Aliniambia kesho yake kwamba kaka alimtazama kwa muda, kisha akaomba brashi. Aliandika jalada kabla hata wimbo mmoja haujapatikana, na haikuwa kawaida yake.

Mwalimu wa hesabu ndiye aliyemwelekeza kwa mlinzi wa ghala la mbao. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, anayelinda mchana, mwenye gitaa alilolitundika kwenye msumari pembeni ya kitabu cha magari yanayoingia na kutoka. Zamani alikuwa akipiga pamoja na mwanamke mmoja mwimbaji, wawili tu, wakijulikana kwenye kumbi za mitaani. Bi Wanga alimkuta Jumapili alasiri kwenye kibanda chake, harufu ya mbao mbichi kila mahali. Akamwambia mada.

Mlinzi akasema, "Wimbo huo ninao. Ila kuuimba sina ruhusa."

Bi Wanga alidhani anaona haya tu. Alimwambia apige tu, asiimbe. Akapiga, dakika nne, bila neno. Yale maswali matatu aliyajibu kwa kifupi mno, na Bi Wanga alipoaga, mlinzi alimsindikiza mpaka getini akamfungulia, akabaki amelishika kama anayetaka kuongeza kitu.

Kaka alisikiliza mara mbili. Mara ya tatu alimwomba asimamishe katikati, arudishe nyuma, asimamishe tena.

"Hapo anapunguza mkono," akasema. "Anampisha mtu."

"Anampisha nani?"

"Kamuulize."

Akarudi Jumapili iliyofuata. Mlinzi hakukana. Alisema maneno ya wimbo ule yalikuwa ya yule mwimbaji, aliyatunga alipokuwa akimuuguza mama yake. Walijinyima wakakodi studio siku moja, wakaurekodi pamoja. Mlinzi ndiye aliyepewa kanda aipeleke redioni. Pale mlangoni, akiwa na fomu mkononi, penye nafasi ya mtunzi aliandika jina lake, na penye nafasi ya waimbaji akaandika jina lake tena. Alisema hakupanga. Alisema mkono ulitangulia. Wimbo ulipigwa msimu mzima, na mwenzake aliusikia akiwa dukani ananunua sabuni, mtangazaji anamsifu mtunzi. Hakumfuata wala hakupiga kelele. Alimrudishia mfuko wa nyuzi za gitaa aliokuwa amemwachia, kwa mkono wa mtu mwingine, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akiimba. Watu wa redio walimtaka mlinzi alete wimbo wa pili, naye hakuwa nao. Ilikuwa imepita miaka kumi na tisa.

Bi Wanga alimuuliza swali la mwisho kati ya yale matatu, kama ameshajaribu. Mlinzi akasema alikwenda mpaka kwenye nyumba yake mara mbili, na mara mbili akageuzia kwenye kona.

Kumpata mwimbaji hakukuwa kugumu. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni ambako mwalimu wa hesabu alikuwa na rafiki. Bi Wanga alimkuta Jumamosi baada ya chakula cha mchana, jikoni kwenye masufuria ambayo mtoto wa miaka mitano angeweza kujificha ndani, anasugua moja akiwa ameinama nusu mwili. Alimwambia aendelee na kazi, yeye hana haraka. Akaweka redio kaseti juu ya meza ya zege, akabonyeza.

Mpishi alisugua mpaka gitaa lilipofika mahali pale pa kupunguza mkono. Hapo akaacha. Wimbo ulipoisha aliomba urudiwe, na uliporudiwa alisimama ameipa redio mgongo, maji yanamdondoka viwikoni.

"Yeye ndiye aliyekutuma?"

"Hapana. Ni kaka yangu. Yuko kitandani huu mwaka wa pili, hainuki. Alisikiliza akasema hapo kuna mtu anapishwa."

Mpishi alikausha mikono kidole kimoja kimoja. Akasema kuhusu yule mwizi hana habari naye, na kama ni msamaha waliokuja kuutafuta, wasipoteze Jumamosi yao. Bi Wanga akasema hakuja kuomba msamaha wa mtu mwingine. Chai ikaletwa. Mpishi akauliza huyo kaka ana umri gani, anaumwa nini, nani anamgeuza mchana. Alipojibiwa yote akasema, "Amenisikia na sijaimba. Njoo wiki ijayo na redio mbili."

Ya pili ilikuwa yangu, kwani ile ya zamani aliachiwa kaka kando ya kitanda, ndiyo maana najua yaliyofuata. Walirekodi stoo ya chakula, katikati ya magunia, mlango umefungwa, kwa sababu magunia humeza mwangwi. Redio moja ilipiga gitaa la mlinzi, nyingine ikarekodi gitaa na sauti ya mpishi kwa pamoja. Aliimba mara moja tu. Ni wimbo wa binti anayemwomba radhi mama yake kwa sababu kuna siku alichoka kumuuguza, akatoka nje akakaa juani, akatamani yaishe. Maneno yalikuwa ya kawaida, ya mtu anayeongea. Sauti yake ilianza na kutu, kisha ikafunguka. Katikati mfuniko wa sufuria ulianguka huko jikoni, hakusita. Bi Wanga alipomwomba warudie bila mfuniko alikataa. Alisema mama yake pia hakuugua katika ukimya. Na kabla kitufe cha kuzima hakijabonyezwa akasogea karibu, akamwambia yule asiyekuwepo, taratibu, kila neno linasikika: "Sijakusamehe. Kidole chako cha nne bado kinachelewa."

Jumapili asubuhi nilikwenda kwa Bi Wanga kuchukua redio yangu. Nilimkuta ameshaiweka kanda tayari, kaka ameegemezwa mito mitatu, amenyolewa ndevu. Akaniambia nikae nisikilize nao. Akabonyeza, akachukua beseni la nguo akatoka uani. Nilishangaa, kwa sababu hakuwahi kutoka kanda mpya ikipigwa.

Zilipita nyimbo tano. Ukaja wa mpishi. Kaka alifumba macho, na mfuniko ulipoanguka akatabasamu kidogo. Aliposikia habari ya kidole cha nne alicheka kwa pua. Kisha kanda ikazunguka kimya kwa muda, nikainuka nikidhani imekwisha, na ndipo ilipotoka sauti ya Bi Wanga mwenyewe. Haikuwa ikiimba. Alikuwa akisoma kwa shida, kama mtu aliyeandika kwanza kwenye karatasi.

"Kaka, mimi siimbi, unajua. Ngazi ile niliitoa stoo mimi. Mwenye funguo aliniambia ina ufa, niitoe ile nyingine ya nyuma. Ile ya nyuma ilikuwa imezibwa na mapipa ya sabuni na mimi nilikuwa na mashati yananisubiri. Nikasema ni kazi ndogo. Hukuniuliza, na mimi sikukuambia. Kila nikikugeuza naikumbuka. Nisamehe, kaka yangu."

Kanda ikaisha, kitufe kikaruka chenyewe. Sikujua niangalie wapi. Nilitazama majalada kwenye rafu. Kaka alikuwa anatazama dari, machozi yanashuka kuelekea masikioni, mikono ameiacha chini ya shuka. Nikampangusa. Akasema niende nimwite.

Bi Wanga aliingia na kibanio cha nguo mkononi, akasimama mlangoni kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Njoo hapa karibu," kaka akamwambia. "Huo ufa niliuona, mdogo wangu. Nilipoisimamisha tu niliuona. Nikaufunga kamba nikapanda, kwa sababu nilikuwa fundi wa miaka thelathini kazini na niliona aibu kuomba ngazi nyingine mbele ya tajiri wako."

Bi Wanga akakaa ukingoni mwa kitanda, kibanio bado kiko mkononi.

"Siku uliyoniambia ile mada ndipo nilipojua unaibeba wewe. Ningekuambia siku ile. Nilinyamaza wiki saba. Nilikuwa naona aibu tena." Akavuta pumzi. "Basi na mimi niweke kwenye hiyo kanda."

Nilichukua redio yangu, nikasema nitakuja kesho, nikatoka. Nilipofika barabarani niligeuka, nikaona kupitia lile pazia lililokatwa nusu kwamba Bi Wanga amepanda kitandani pembeni ya kaka yake, viatu miguuni, kichwa begani mwake, kama watoto wanaolala kitanda kimoja.

Kaka aliishi miezi saba baada ya hapo. Waliandaa kanda nne zaidi. Kisha vidonda vya mgongoni vilileta homa, figo zikafuata, akafia hospitalini alasiri, dada yake akiwa amemshika mguu ambao hakuuhisi. Mazikoni walikuja watu ambao ukoo haukuwajua: mwalimu na koti lake la kijivu, mafundi ujenzi watatu, mshona viatu, mlinzi wa ghala, na mpishi aliyetoka shule akiwa bado na kilemba cha jikoni. Mlinzi na mpishi walisimama pande mbili za kaburi. Baadaye niliwaona getini, wameachana hatua tatu, wanazungumza kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai. Walichosema sikijui na Bi Wanga hakuuliza.

Ninachojua ni kwamba mlinzi aliandika barua kwa kile kituo cha redio, kurasa mbili, akaeleza ile fomu aliijazaje. Ilichukua muda. Siku moja mchana, mashine zimewashwa, dereva aliingia mbio akaongeza sauti ya redio ya kaunta, na mtangazaji mpya kabisa, pengine hakuwa amezaliwa wimbo ule ulipotoka, akataja jina la mpishi kuwa ndiye mtunzi na mwimbaji. Wimbo ukapigwa wote. Mpishi hakurudi kupiga na mlinzi. Lakini alirudi stoo ya chakula mara kadhaa, akarekodi nyimbo sita, na Bi Wanga alizinakili moja moja.

Hilo lilikuja baadaye. Kwanza Bi Wanga alikaa mwaka mzima kasoro miezi mitatu bila kugusa redio kaseti. Alikuja kazini, alipiga pasi, alirudi. Kanda mpya zilizoletwa na dereva aliziweka kwenye boksi la vitu vya mifukoni, pamoja na funguo na vitana. Mimi sikumsukuma. Kisha akaja mjane mmoja na suti nne za mumewe, anataka zifuliwe na kupigwa pasi ingawa hakuna wa kuzivaa. Bi Wanga alizipokea, akaandika namba. Yule mjane alipokuwa anageuka kuondoka, alimuuliza kama marehemu alikuwa na wimbo aliopenda. Mama yule akasema marehemu alikuwa akipiga kinanda chumbani, kanda zake ziko kwenye ndoo chini ya kitanda, hakuna aliyewahi kuziomba. Jumamosi hiyo Bi Wanga alipita nyumbani kwangu kuazima betri.

Sasa ameacha kazi, miguu imekataa kusimama. Anaishi vyumba vile vile, na siku hizi wanamuziki ndio wanaomfuata yeye, wengine na simu tu badala ya kanda. Mazungumzo bado anayaacha. Kituo kimoja kilimwomba nyimbo bila yale maongezi, akawaambia kwa upole wakatafute kwingine. Majalada anaandika mwenyewe kwa herufi za dobi, kubwa, za namba za nguo, wala haoni haya.

Nilikwenda kumwona wiki iliyopita, nimembebea maembe. Alikuwa ameketi na dada mmoja fundi cherehani mwenye sauti nzito, mkanda wa kupimia bado uko shingoni. Walikuwa wamefika katikati. Bi Wanga alininyooshea kidole nikae, nisiseme kitu, nikazima simu yangu nikakaa. Yule dada akawa anaeleza wimbo wake umeanza lini.